Mti ni Wetu, Kinu ni cha Nani?



Habari ya mafuta ya miti si ngeni tena vijijini mwetu. Kwa miaka zaidi ya 20 wamekuja watu wa namna nyingi, kila mmoja na mbegu yake kiganjani, wakieleza kwamba magari na mitambo yaweza kwenda kwa mafuta yaliyokamuliwa kutoka katika tunda la mti, na kwamba kijiji kitakachokubali kupanda kitaondokana na umaskini. Kwanza walikuja na mbono. Mashamba makubwa ya mbono yalipokufa, ilisemwa kwamba kosa lilikuwa la mti wenyewe, kwa kuwa ni mgeni. Tukigeukia miti yetu ya asili, mambo yatanyoka.

Sisi twasema hivi: miti ya asili yafaa, na mafuta yake yaweza kweli kumsaidia mwanakijiji. Lakini haki haioti pamoja na mti. Mti wa asili uliopandwa katika ardhi iliyotwaliwa, au ambao mbegu zake zakamuliwa katika kinu cha mtu wa mbali, utamwacha mwanakijiji pale pale alipoachwa na mbono. Kwa hiyo kila mradi wa namna hii, uwe wa mgeni au wa mwenyeji, yatupasa tuuulize maswali matatu: Ardhi ni ya nani? Kinu ni cha nani? Mafuta yanawaka wapi kwanza?

Tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: kuona, kuamua na kutenda.

I. TUONE

Mbono ulivyokuja na ulivyoondoka

Mbono, ambao wengi wetu twauita mbono kaburi, asili yake ni Amerika ya Kati. Bibi na babu zetu waliupokea na kuupa kazi iliyoufaa. Kwa kuwa mbuzi hawauli, waliupanda uwe ua wa boma na alama ya kaburi. Mbegu zake zina sumu, hivyo hakuna aliyezila. Lakini zina mafuta yawezayo kuwasha taa na kutengeneza sabuni. Mti huu ulikaa pembeni ya shamba kwa vizazi vingi bila kumfukuza mtu.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya amri iliyotolewa mbali na hapa. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2010 asilimia 5.75 ya mafuta ya vyombo vya usafiri itokane na mimea. Mwaka 2009 uliweka lengo jingine: asilimia 10 ya nishati ya usafiri iwe ya namna isiyokwisha ifikapo mwaka 2020. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, nayo ni kupunguza moshi unaoharibu hali ya hewa. Lakini tangi la gari la Ulaya halijazwi kwa nia njema; hujazwa kwa mazao, na mazao hutaka ardhi. Basi macho yakaelekezwa Afrika, na Tanzania ikiwemo.

Kisarawe, mkoani Pwani, kampuni kutoka Uingereza ilipata hekta 8,211 zilizokuwa ardhi ya vijiji 11, kwa muda wa miaka 99. Wanavijiji waliahidiwa ajira, visima, zahanati, madarasa na barabara. Mwaka 2011 kampuni ilifilisika, vibarua kwa mamia wakarudi nyumbani mikono mitupu, na shamba likauzwa kwa mwekezaji mwingine. Wanavijiji walibaki wakilalamika kwamba ahadi hazikutimizwa, na kwamba walizuiwa kufika penye maji na penye makaburi ya wazee wao. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Lakini deni lisiloandikwa hudaiwa wapi?

Kilwa nako, mkoani Lindi, kampuni kutoka Uholanzi ilipata zaidi ya hekta 30,000 katika ardhi ya vijiji vinne, yaani Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa msitu wa pwani na miombo. Miti ya asili, ambayo imeota bila gharama na kuzuia udongo kwa karne nyingi, ilikatwa ili kupisha shamba la majaribio la mti wa kigeni, kwa jina la kuhifadhi mazingira. Kufikia mwaka 2010 kampuni hiyo nayo ilikuwa imefilisika. Sehemu ndogo tu ya ardhi ile ilikuwa imepandwa.

Kwa nini mashamba haya yalikufa? Wenye mitaji waliambiwa kwamba mbono husitawi hata katika ardhi kavu isiyo na rutuba. Ni kweli kwamba mbono huishi katika ardhi kavu. Lakini kuishi si kuzaa. Mti uliokosa maji na mbolea hautoi mbegu za kulipia trekta, vibarua na wakurugenzi. Hilo mkulima yeyote wa mkorosho angeweza kuwaambia, kama wangemwuliza.

Mlango wa kutokea ardhi

Wengi wameuliza: kampuni ikishindwa, je, ardhi hairudi kijijini? Hapa yafaa kila kiongozi wa Jumuiya aielewe sheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, mgeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji. Ili aipate, ardhi hiyo huhamishwa kwanza iwe ardhi ya jumla, kisha hupewa haki ya kuitumia kupitia chombo cha Serikali kinachosimamia uwekezaji. Mwekezaji akiondoka, ardhi haifuati njia ile ile kurudi nyuma. Imekwisha kutoka mikononi mwa kijiji, na haki juu yake yaweza kupewa mwingine. Wapo wanavijiji waliodhani wanakodisha, kumbe wanaaga.

Sheria hiyo hiyo imeweka ngao, ingawa wengi hawaijui. Mkutano mkuu wa kijiji lazima uelezwe jambo lenyewe na utoe kauli yake. Eneo likizidi hekta 250, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuyazingatia mapendekezo ya kijiji. Tena, ardhi haitakiwi kuhamishwa kabla ya kukubaliana juu ya fidia: ya namna gani, kiasi gani, italipwa lini na kwa njia ipi. Mwishoni mwa mwaka 2009 Serikali ilisimamisha kwa muda miradi mipya ya namna hii, na mwaka 2010 ikatoa miongozo. Lakini mwongozo uliofungiwa katika kabati la wilaya haumlindi mtu wa kitongojini.

Miti tuliyo nayo

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Katika nyanda za juu za Kenya na za kaskazini ya Tanzania huota mti ambao Wakikuyu huuita mkinduri na Wakamba kithulu. Ni mti wa kwetu. Huvumilia ukame, mifugo huuacha kwa kuwa majani yake ni machungu, nyuki hupenda maua yake, na watu huupanda mpakani mwa shamba kwa ajili ya kivuli na kuni. Mbegu zake zina mafuta yapatayo theluthi moja ya uzito wake, nayo hayaliwi na binadamu. Kwa muda mrefu karanga zake ziliachwa zioze chini ya mti. Tangu mwaka 2012, huko Nanyuki, nchini Kenya, wakulima wadogo wamepata mnunuzi wa karanga hizo, nazo zikakamuliwa mafuta ya kuendeshea jenereta na pampu za maji badala ya dizeli. Hakuna aliyehamishwa ili mkinduri upandwe. Ulikuwa umesimama tayari.

India nako wana mti wao wa asili, uitwao kwa lugha mbalimbali honge, karanj au kanuga. Katika kijiji cha Powerguda, katika jimbo ambalo leo huitwa Telangana, wanawake wa kabila la Wagondi walijiunga katika vikundi vya kuweka na kukopa, mfano wa VICOBA vyetu, wakapanda mti huo na kuendesha kinu chao wenyewe cha kukamulia mbegu. Mashudu waliyarudisha shambani kama mbolea. Mwaka 2003 waliuza kwa Benki ya Dunia punguzo la tani 147 za hewa ya ukaa, wakapata dola 645. Fedha hizo si nyingi, wala hatuzitaji ili kumtamanisha mtu utajiri. Twazitaja kwa sababu zilipofika, zilimkuta mwenye kinu kijijini.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Katika wilaya ile ile ya Kilwa ambako msitu ulikatwa kupisha mbono, kijiji cha Kikole kilichagua njia nyingine. Kwa kutumia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kiliutangaza msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kikapima miti yake, na mwaka 2009 kikaanza kuuza magogo machache ya mpingo kwa utaratibu na kwa cheti kinachotambulika kimataifa. Mapato yaliingia katika mfuko wa kijiji. Kilwa ni moja, miaka ni ile ile, miti ni ya asili. Kikole bado kuna msitu na bado kuna mapato. Kilichotofautisha ni mkono ulioshika hati.

Mti wa asili pekee hautoshi

Hata hivyo, tusijidanganye. Mwezi Julai 2022 kampuni ya mafuta ya Italia, Eni, ilifungua huko Makueni, nchini Kenya, kiwanda cha kukamua mbegu za nyonyo, pamba na mkinduri. Mwezi Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta iliondoka bandari ya Mombasa kwenda kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Gela, kisiwani Sisilia. Hapa ardhi haikutwaliwa. Mkulima amebaki na shamba lake. Swali la kwanza limejibiwa vizuri kuliko Kisarawe. Lakini la pili na la tatu je? Kinu si cha mkulima, na mafuta yanawaka Ulaya.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue kilo 100 za mbegu zenye mafuta theluthi moja. Kinu kidogo cha kijiji hakikamui yote. Tuseme kimetoa kilo 23. Hizo ni kama lita 25 za mafuta, na zaidi ya kilo 70 za mashudu. Anayeuza mbegu ghafi hulipwa bei ya mbegu tu. Lita 25 zimekwenda, na mashudu yamekwenda, yaani rutuba ya shamba lake imepakiwa katika gunia pamoja na mbegu. Kisha mtu huyo huyo hupanda pikipiki kwenda mjini kununua dizeli ya mashine ya kusaga na mfuko wa mbolea. Cha mlevi huliwa na mgema. Nasi hatujalewa, twafanyiwa hivyo tukiwa na akili zetu timamu.

II. TUAMUE

Maandiko Matakatifu yanatupa kisa kinachofanana na haya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Hakuanza kwa ukatili. Aliahidi kumpa shamba jingine lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Nabothi alikataa, kwa sababu ule ulikuwa urithi wa baba zake, na urithi hauna bei. Tuzingatie yaliyofuata. Nabothi hakunyang'anywa usiku. Barua ziliandikwa, muhuri wa mfalme ukapigwa, wazee wa mji wakaitisha mkutano, mashahidi wakasimama na kusema. Kila kitu kilikuwa na utaratibu wake, isipokuwa haki. Basi mtu akitwambia kwamba muhtasari wa mkutano upo na muhuri upo, tusinyamaze hapo. Tuulize pia nani aliitwa, aliambiwa nini, na je, alikuwa na nafasi ya kusema hapana.

Kwa mwanga huo twazijibu hoja tunazozisikia mara kwa mara.

“Ardhi ipo tele, imelala tu.” Ardhi ya kijiji hailali. Pale mgeni anapoona pori, mama anaona kuni, uyoga na dawa. Mfugaji anaona malisho ya kiangazi. Mrina asali anaona mizinga yake. Mkulima anaona shamba alilolipumzisha ili mwanawe alilime. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kuwaonya Watanganyika kwamba ardhi ikifanywa bidhaa, wenye fedha wataimiliki na wananchi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Onyo hilo halijapitwa na wakati.

“Wapo wanaohitaji ajira.” Ni kweli, na hatuidharau kazi ya kibarua. Lakini ajira ya Kisarawe ilidumu miaka michache, na ardhi iliyotolewa kwa ajili yake imetoka kwa miaka 99. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu aliye na shamba na kibarua ana miguu miwili. Aliyetoa shamba apate kibarua amebaki na mguu mmoja, na mguu huo ni wa kuazima.

“Kanisa lenyewe lafundisha kwamba ardhi ni ya watu wote, hivyo kijiji kisiwe mchoyo.” Wapo walioanza kuligeuza fundisho letu namna hii. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa watu wote, na kwamba haki ya kumiliki haimpi mtu ruhusa ya kujilimbikizia wakati wengine wanakosa mahitaji ya lazima. Fundisho hilo lamgusa kwanza aliye na vingi. Lisomwe mbele ya mwenye hekta 30,000 kabla ya kusomwa mbele ya mwenye ekari mbili.

“Basi tuachane kabisa na mafuta ya miti, yote ni wizi.” Hii nayo twaisikia, na mara nyingi kutoka kwa ndugu zetu wenye uchungu wa haki. Hatukubaliani nayo. Mwizi akipita mlangoni, mlango hauna dhambi. Nguzo za umeme zimefika karibu vijiji vyote vya Tanzania, lakini vitongoji vingi bado viko gizani, na huko mashine ya kusaga na pampu ya kisima huenda kwa dizeli iliyosafiri maelfu ya kilomita na kupandishwa bei kila kituo. Injini za zamani za mwendo wa polepole, ambazo mafundi wetu wanazifahamu, zaweza kwenda kwa mafuta ya mimea yaliyochujwa vizuri. Huko Engaruka, wilayani Monduli, mbegu za mbono uliopandwa kama ua zilikwisha kutumika kuendesha injini ya kijiji. Mbono ule ule ulioleta msiba ulipopewa maelfu ya hekta, ulitoa msaada ulipobaki uani.

“Miti ya asili ikipata bei, yote itakuwa ya mafuta.” Hapa twakubaliana na mwenye hofu. Kila mti una kazi yake. Msambu wa milima ya Usambara, kwa mfano, hutoa mafuta ya kula, na wanavijiji wa upande wa Amani wameziokota na kuziuza mbegu zake kwa ajili hiyo. Haifai kumimina chakula ndani ya injini. Wala mkinduri haufai kila mahali. Peleka miche yake joto la pwani, utakuwa umerudia kosa la mbono kwa jina jingine. Mti wa asili ni wa asili mahali pake.

Lipo jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema wazi, ingawa litatukera sisi wanaume. Katika sehemu nyingi mwenye kupanda mti huhesabiwa kuwa mwenye ardhi, na mwenye ardhi huhesabiwa kuwa mwanamume. Mbegu zikiwa hazina bei, mama na watoto ndio wanaoziokota; zikipata bei, baba ndiye anayekwenda kupokea fedha. Hatuwezi kumkemea Ahabu wa mbali huku tukimlea mdogo wake nyumbani.

III. TUTENDE

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya, WAWATA, vijana na kamati za Haki na Amani zishike mambo sita.

1. Ardhi isitoke. Kijiji kikamilishe mpango wake wa matumizi bora ya ardhi, na kila kaya, mjane akiwemo, ihimizwe kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Miti ya mafuta ipandwe mipakani, kandokando ya njia, katika viwanja vya shule na parokia, na katika ardhi iliyochoka. Isipandwe badala ya mahindi na maharage.

2. Kinu kiwe cha ushirika. Kinu kidogo cha kukamulia kiko ndani ya uwezo wa kikundi chenye akiba. Mnunuzi wa mbegu akija, ajadiliane na kikundi, asizunguke nyumba kwa nyumba akipanga bei na kila mtu peke yake. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe mbele ya mkutano mkuu; ahadi isiyomo katika mkataba ihesabiwe kuwa haikutolewa.

3. Mafuta yawake kijijini kwanza. Mashine ya kusaga, pampu ya maji na taa za zahanati zitangulie. Ziada ndiyo iuzwe. Mashudu yarudi shambani. Fundi afunzwe kabla injini haijanunuliwa, kwa maana mafuta yasiyochujwa huua injini, na injini iliyokufa huua moyo wa watu.

4. Aliyeokota alipwe. Jina la mwokotaji liandikwe, na fedha ziwekwe mkononi mwake mwenyewe. Mtoto asiokote mbegu saa za shule.

5. Msitu usikombwe. Zibaki mbegu za kutosha chini ya kila mti kwa ajili ya miche, ndege na wanyama. Mti wa asili uliosimama usikatwe ili kupanda mti wa mafuta, hata huo wa mafuta ukiwa wa asili. Vijiji vyenye misitu vifuate njia ya Kikole, vitangaze hifadhi zao kwa mujibu wa Sheria ya Misitu.

6. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu za kinu zisomwe kila mwezi, mbele ya watu wote, na mtu asiyejua kusoma asomewe.

Kwa viongozi wetu wa Serikali, kuanzia kijiji hadi taifa, tunalo ombi moja. Ardhi ya kijiji iliyotolewa kwa mwekezaji ambaye ameshindwa kuitumia irudishwe kwa kijiji kilichoitoa, kwa utaratibu ulio wazi. Sheria iliyojua kufungua mlango wa kutokea ijue pia kufungua wa kurudia. Kijiji kilichopoteza malisho na makaburi kwa sababu ya ndoto ya mtu mwingine hakistahili kuzidi kuadhibiwa baada ya mwenye ndoto kuamka na kwenda zake.

Nao ndugu zetu Wakristo wa Ulaya, ambao nao wana tume za Haki na Amani katika majimbo yao, tunawaomba waulize katika mabunge yao mafuta ya mimea yanayoingia nchini mwao yametoka katika shamba la nani. Lengo likipangwa kule, mpaka wa shamba husogezwa huku.

Mungu aliyeotesha kila mti kwa namna yake atujalie akili ya kuutunza na ujasiri wa kuutetea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni miti gani ya asili yenye mbegu za mafuta? Wazee wanaikumbuka kwa majina na matumizi gani?

2. Je, kuna ardhi ya kijiji chetu iliyokwisha kutolewa kwa mwekezaji? Nani kati yetu ameuona mkataba wake, na fidia ililipwa kwa nani?

3. Mashine yetu ya kusaga hutumia lita ngapi za dizeli kwa wiki, nazo hugharimu kiasi gani? Ingehitaji kilo ngapi za mbegu?

4. Katika nyumba zetu, nani huokota, nani hubeba, na nani hupokea fedha? Tutabadili nini mwaka huu?

5. Tukipata akiba ya kununua kinu, tutamkabidhi nani ufunguo na nani daftari, na kwa nini wasiwe mtu mmoja?